Kope Hukatwa Mpaka Pembeni

Ukikutana na mwanamke anayefuta machozi kila baada ya maneno machache, kabla hujamwandikia dawa yoyote mwombe akufungulie pindo la kanga yake. Kama humo mna kibano kidogo cha bati, usidhani ni cha urembo. Ni cha kung'olea nywele za kope zinazomchoma jicho. Fundi wa bati ndiye aliyemtengenezea, kwa sababu sisi wenye makoti meupe tulichelewa.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya macho. Juzi mmoja wenu, muuguzi mwenye adabu nzuri, alinifuata nyumbani Kwai. Alisalimia, akapokea chai, kisha akaniuliza: "Mama, kati ya kukata kope kwa nje na kukata kwa ndani, ipi ni njia bora?" Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Kwanza niambie wiki hii umepindua kope za wagonjwa wangapi." Akatazama kikombe chake. Sikupenda kumvunja moyo mgeni, lakini hasira ile haikuwa yake peke yake. Ni hasira ya miaka mingi, na swali lake linastahili jibu refu.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Nikisema kope nina maana ya ngozi inayofunika jicho. Zile nywele nitaziita nywele za kope. Ugonjwa wenyewe ni trakoma, watu wetu huuita vikope. Huanza utotoni, jicho likiwa jekundu na lenye tongo, nzi wakitembea toka uso mmoja hadi mwingine. Mtoto anapona, anaugua tena, anapona, anaugua tena. Kila mara upande wa ndani wa kope hubaki na kovu, na kovu hukaza kama ngozi ya ngoma juani. Miaka inapita. Yule mtoto ameshakuwa mama wa watoto ndipo kope linapojikunja na nywele zake zinageukia ndani. Kila akipepesa, nywele zinakwaruza kioo cha jicho. Wewe ukiingiwa na unywele mmoja unaacha kazi yote unatafuta kioo cha ukutani. Yeye anapika, analima, ananyonyesha, na unywele uko palepale.

Sasa sikilizeni upuuzi niliokuwa nikiambiwa. "Sista, huku milimani hakuna vikope. Vikope viko nyika." Nimeambiwa hivyo na wakubwa wangu, nimeambiwa na wenzangu wa zahanati, kwa sauti ya mtu anayetaja mipaka ya wilaya. Na kweli, kwenye baridi na ukungu wetu, maji yakitiririka kila bonde, watoto wetu hawakuugua sana. Lakini wanawake huolewa! Wanaume wa Malindi, Malindi yetu ya hapa Usambara, wamekuwa wakishuka kwenye magulio ya nyika na ndizi na kabichi tangu babu zao, na wengine walirudi na wake. Msichana alipanda mlima na sanduku lake na makovu yake ndani ya kope, mahali ambapo hakuna aliyetazama. Yalipokomaa, zahanati ikamwambia ni moshi wa jikoni. Akapewa dawa ya mafuta ya kupaka. Akarudi, akapewa tena. Moshi! Kana kwamba wanawake wengine wa kijiji kile walikuwa wanapikia jua.

Nilianza kazi kama mhudumu wa wodi, na kazi yangu katika chumba cha upasuaji ilikuwa kushika tochi umeme ulipokatika. Usidharau kushika tochi. Anayemulika huona mikono ya mpasuaji vizuri kuliko anayeisifia. Baadaye nilisomea uuguzi, na mengine nilijisomea mwenyewe, kitabu mkono huu na kamusi mkono ule, mpaka nikaruhusiwa kufunzwa kupasua kope.

Aliyenifunza alikuwa Mzee Saidi. Kabla ya uuguzi alikuwa fundi cherehani kule Soni, na hakuwahi kuacha kuwa fundi cherehani. "Kope ni pindo la suruali," alikuwa akisema. "Ukilishona vibaya, mwenye suruali hatembei." Njia yake ilikuwa ya nje. Unachoma ganzi, unabana kope kwa kibanio cha chuma, kisha unakata ngozi milimita tatu kutoka kwenye mstari wa nywele. Unapita kwenye ngozi, msuli na lile gegedu linalolipa kope umbo lake, mpaka unatokea upande wa pili. Kisha unashona kwa namna inayoipindua kingo ya kope itazame nje. Kibanio kinazuia damu na kinalinda jicho. Kwa anayeanza ni faraja kubwa, mkono unatetemeka lakini chuma kimetulia.

Njia ya ndani ilitufikia baadaye. Hapo unalipindua kope juu ya kibao chembamba cha chuma, unakata kutoka ndani, ngozi laini na gegedu tu. Ngozi ya nje na msuli huvigusi. Unaachanisha tabaka, kisha unapitisha nyuzi tatu kutoka ndani hadi nje, zitokee karibu na nywele, na ukizikaza kingo inageuka. Mzee Saidi aliponiona naijaribu alicheka kwa dharau.

"Mwanangu, unashona nguo huku umeigeuza ndani nje?"

"Mzee, kwani wewe suruali kule Soni ulikuwa unazishona kwa upande gani?"

Akapiga paja lake. "Ehe! Umenipata."

Niliijaribu kwanza kwa mbuzi. Kila siku ya soko nilikwenda buchani kuomba vichwa, na mwenye bucha hakuniacha salama. "Sista, jamani, kope za mbuzi? Huko Kwai nyama imeisha?" Nikamwambia nazifanyia mazoezi ya upasuaji. Akageukia wateja: "Mmesikia? Mbuzi wa bucha hii wanakufa wakiwa wanaona vizuri!" Watu walicheka, nami nilicheka, nikabeba vichwa vyangu. Kope la mbuzi ni nene kuliko la mtu, lakini linakufundisha jambo moja ambalo kitabu hakikufundishi: gegedu lina mwanzo na lina mwisho, na kisu kina tabia ya kuchoka kabla ya kufika.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipo. Nilikwenda Malindi kwa huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata wagonjwa vijijini, nikauliza kama kuna mtu yeyote mwenye macho yanayochuruzika. Mhudumu wa pale alinitajia Mama Zaina. "Lakini usijisumbue. Yule amekataa."

Neno hili, amekataa, naomba mlichukie kama ninavyolichukia mimi. Ni neno la kufungia mlango kwa nje. Linamfanya mgonjwa awe na kosa na sisi tuwe na mapumziko. Anayekataa ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo tumeitengeneza sisi.

Nilikwenda nyumbani kwao. Aliyenipokea ni mama mkwe, Bibi Hadija, amekaa barazani anachambua maharage huku akijifuta machozi, kanga imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Onga mshi," akaongeza salamu ya Kishambaa. "Karibu, mwanangu, karibu ndani."

Nilipomweleza nimekuja kumwona mkwewe kwa ajili ya macho, alishangaa. "Macho yana nini? Huyu ndiye mwanamke niliyemtafutia mwanangu mimi mwenyewe, kule nyika nilikozaliwa. Tangu aingie nyumba hii hajawahi kunikazia macho. Akizungumza anatazama chini. Akimletea baba mkwe wake chakula anatazama chini. Waulize majirani! Wengine wanasema, wake zetu wangekuwa na adabu ya Mama Zaina tungelala usingizi."

Mama Zaina alikuwa amesimama mlangoni, uso kwenye kivuli. Ni kweli alitazama chini. Na mimi, niliyezoea, niliona mara moja kwamba ile haikuwa adabu. Mwanga wa nje ulikuwa unamchoma. Kila akipepesa, bega lake moja lilikaza kidogo, kama mtu aliyekanyaga msumari na hataki wenzake wajue. Miaka yote ile, nyumba nzima na majirani walikuwa wakiyasifia maumivu yake na kuyaita heshima.

Sikumbishia hapo barazani. Ukimvunjia mama mkwe hoja yake mbele ya mkwewe umekosa wagonjwa wawili. Niliomba maji ya kunywa, nikamfuata Mama Zaina nyuma ya jiko.

"Nifungulie pindo la kanga, mdogo wangu."

Alisita, kisha akafungua. Kibano kilikuwemo, ncha zimelika kwa kutumika.

"Nani anakung'olea?"

"Zaina mwenyewe, nikimwahidi karanga. Akiwa shuleni najing'olea kwa kupapasa." Akanikatiza kabla sijasema. "Najua utasema nini, Sista. Jicho la kulia walishalikata. Ilikuja kambi ya macho, watu wengi, wakatulaza kwa foleni. Nilivumilia. Nikatoka na bandeji, watu wakanipa pole. Mvua za vuli hazikuisha, nywele zikarudi."

"Zilirudi wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Akaweka kidole kidogo kwenye kona ya nje ya jicho. "Hapa. Na nyingine hapa, upande wa pua."

Nilimgeuza kwenye mwanga, nikawasha tochi. Kovu la ngozi lilikuwa limenyooka vizuri sana katikati ya kope. Mkono uliolikata haukuwa mbaya. Lakini lilianza mbali na pua na likaishia mbali na kona ya nje, urefu uleule wa kibanio. Yaani yule mpasuaji alikata palipobanwa na chuma, akashona, akaondoa chuma, akaita anayefuata. Zile pembe mbili zilizobaki nje ya kibanio zilipaswa kumaliziwa kwa mkasi. Hakumalizia. Katikati nywele zilitazama nje, pembeni ziliendelea kukwaruza, na juu ya kioo cha jicho kulikuwa na wingu jeupe lililofunika nusu ya mboni.

Nilishikwa na hasira mpaka ikanibidi nizime tochi. Kwa sababu nilijua watu wa kambi ile wakiulizwa wangesema nini: "Ugonjwa umerudi." Vijana, kitu hakiwezi kurudi mahali ambapo hakijaondoka. Zile nywele za pembeni hazikurudi. Zilibakizwa. Na aliyezibakiza alikwenda zake akiwa ameshapongezwa, na mwenye jicho akaitwa mwoga.

"Kwa hiyo la kushoto ukalikatalia," nikasema.

"Ningefanyaje? Hili la kushoto ndilo linalonishusha korongoni na kunipandisha. Ndilo linalotofautisha magugu na karoti. Mkiliharibu na hili, Sista, nani atanishika mkono? Zaina? Aache shule?"

Nikalitazama. Kioo chake kilikuwa bado safi, ila katikati palikuwa na mikwaruzo midogo na nywele zilikuwa zimelala juu yake, nyingine fupi, zimekatika kwa kibano na kubaki na ncha kali kama mabua. Haya ndiyo mabaya ya kibano, unywele mzima hulala, lakini uliokatika huchoma. Jicho lile halikuwa na muda mrefu. Asingekatwa, lingefuata njia ya mwenzake.

Sikumwahidi kupona. Msimwahidi mtu kupona. Nilikaa naye juu ya gogo la kuni, nikachukua pindo la kanga yake, nikamwonyesha. Nilikunja pindo kuelekea ndani: hivi ndivyo kope lako lilivyo. Njia ya kwanza, tunakata nguo yote, ya juu na bitana, tunapindua. Damu ni nyingi zaidi, msuli unakatwa, na ngozi inabaki na mstari, kama ulio nao kulia. Njia ya pili, tunakata bitana tu, nguo ya juu inabaki nzima. Kwa uzoefu wangu, na kwa niliyosoma, waliokatwa kwa ndani wamepata nafuu ya kudumu zaidi, na mimi ndiyo ninayoiamini kwa kope kama lako. Lakini nayo ina ila zake. Uzi wa katikati ukikazwa kupita kiasi, kope linafanya wimbi. Pengine kinyama huota ndani pale palipokatwa, kikahitaji kuondolewa. Nilimwambia yote hayo. Mtu anayejua ila za dawa hutulia kuliko anayesifiwa dawa.

Alisikiliza, kisha akauliza swali moja. "Na wewe ukikata kwa ndani, utafika pembeni?"

Yule muuguzi aliyenijia Kwai aulize hivyo, nitafurahi! Kukata nje, kukata ndani, yote yana watu wake na yana kope zake. Anayeishia katikati ataharibu kwa njia zote mbili.

"Nitafika," nikamwambia. "Na kabla hujaondoka kitandani nitakupa kioo utazame mwenyewe."

Akasema atazungumza na mumewe. Nilisubiri jibu kwa wasiwasi, sioni aibu kusema hivyo, maana kila siku iliyopita ilikuwa siku nyingine ya mikwaruzo. Siku ya huduma iliyofuata nilimkuta kwenye benchi la zahanati mapema kuliko wote. Bibi Hadija alikuwa pembeni yake, amenuna, amekuja kulinda heshima ya ukoo.

Nilimlaza. Nilichoma ganzi, nikalipindua kope juu ya kibao. Makovu yalionekana wazi, meupe, yamekatiza kama njia za mbuzi kilimani. Nilikata milimita tatu kutoka kingoni, nikaenda upande wa pua mpaka gegedu likaisha, nikarudi upande wa nje mpaka likaisha. Nilipitisha uzi wa katikati kwanza, halafu wa pembeni. Kabla ya kukaza mafundo ya mwisho nilimwambia afumbue na atazame dari. Fanyeni hivyo kila mara, hata kama foleni imefika barabarani. Kingo inatakiwa igeuke nje kidogo kuliko unavyopenda, maana itajirudi ikipona. Upande wa nje haukunipendeza. Nikafungua fundo, nikasogeza uzi, nikafunga tena. Mwenzangu akasema, "Sista, wanaongoja ni wengi." Nikamjibu, "Wengi hao wanangoja kope zima, si nusu."

Kisha nikampa kioo. Alitazama pembeni kwanza, upande wa nje, halafu upande wa pua. Katikati hakupatazama kabisa.

Alipokuja kutolewa nyuzi, jicho la kushoto lilikuwa limetulia na kioo chake kimeng'aa. La kulia nililimalizia baadaye pale pembeni palipobakizwa, nywele zikatoka, lakini lile wingu sikuweza kuliondoa, na hakuna kisu changu kingeweza. Atakwenda nalo kaburini. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba nusu ya mwanga wa jicho la mtu ilipotea kwa sababu mkono haukuongeza mkato mdogo kila upande.

Siku ile ya nyuzi nilisikia ugomvi nje ya chumba. Bibi Hadija alikuwa amesimama, kidole juu.

"Sista, mmemfanya nini mkwe wangu? Toka jana anainua uso! Namtuma jikoni, ananitazama usoni kama rika lake. Mumewe naye anachekacheka tu."

"Mama, nisamehe," Mama Zaina akasema, na kweli alikuwa anamtazama moja kwa moja. "Sikuwa nakuheshimu kwa macho. Yalikuwa yananiuma."

"Yanauma nini! Mimi mama mkwe wangu alinikuta naangalia chini, akanisifu, mpaka anakufa naangalia chini. Ndivyo wanawake wa nyumba ile tulivyo."

Mama Zaina alimsogelea. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona uso ule kwa karibu kwenye mwanga wa mchana. Akasema kwa sauti ya chini, na adabu yake yote imo ndani: "Mama, na wewe zimo. Naziona. Zimelala ndani, nyeupe."

Bibi akavuta kanga. Nami nilijiona mjinga. Nilikuwa nimekaa barazani kwake, nimemsikia akitaja nyika alikozaliwa, nimeona kanga iliyoshushwa hadi kwenye nyusi, na sikuwasha tochi. Alikuwa mzee, nikayachukua machozi yake kuwa ya uzee.

"Mimi nimeshazeeka," akasema. "Acheni yaishe nami."

"Mama, mimi nitakushika mkono," mkwewe akajibu. "Ila ningependa nikushike kwa mapenzi tu, si kwa sababu huoni njia."

Ilichukua muda, na maneno mengine ya Kishambaa ambayo sikupaswa kuyasikia. Mwishowe mzee alivua viatu vyake, akapanda kitandani mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Nilimfunika, nikachoma ganzi, nikachukua kibao. Ili kope la juu lipinduke vizuri, mgonjwa hutakiwa kuelekeza jicho miguuni, nami nikamwambia kama ninavyowaambia wote:

"Bibi, sasa tazama chini."

"Hilo, mwanangu," akasema, "usinifundishe. Nimelifanya tangu siku niliyoolewa."